Unaposafisha mtutu wa bunduki, mtoto yuko wapi?

Ujumbe umeingia kwenye simu ya safu hii kutoka Tunduma. Naunakili kama ulivyo, nimeondoa jina tu: "Shikamoo dokta. Nina shotgun, ninayo kihalali, nalindia shamba la mahindi, nguruwe pori wanatumaliza. Ndani ya mtutu kumeganda risasi, kuna michirizi ya kijivu haitoki kwa kitambaa. Mke wangu anasema nitumie stilwaya ya jikoni. Je, ina madhara?"

Marahaba. Nina hakika msomaji wangu huyu alikuwa anauliza madhara kwa bunduki, na huenda alituma ujumbe wake kwenye safu isiyo yake. Lakini nimeusoma mara mbili, nikaona umefika mahali pake hasa. Ile michirizi ya kijivu ni suala la daktari kabla haijawa suala la fundi.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili hapa. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki ikaua, na risasi ni metali yenyewe, laini, nzito, ya kijivu, inayotumika kwenye betri za magari na ambayo zamani ilichanganywa kwenye petroli. Niliwahi kumwambia bibi mmoja kwamba mjukuu wake huenda ana risasi kwenye damu. Akasimama: "Nani kampiga, mwanangu?" Ilinichukua muda kumweleza, na hadithi yake nitairudia, kwa sababu ndiyo inayonifanya niandike leo.

Kwanza tuelewane kuhusu michirizi hiyo. Risasi ya metali ni laini kuliko chuma cha mtutu. Golori zinapokimbia ndani ya mtutu zikiwa wazi, zinajisugua, na sehemu yake inabaki imepakwa ukutani, hasa pale mwanzo baada ya chemba na kule mwisho ambako mtutu hubana. Fataki za kisasa za kiwandani huwa na kikombe cha plastiki kinachobeba golori, kwa hiyo uchafu wake mwingi ni masizi na plastiki. Ukiona risasi imeganda sana, aidha unatumia fataki za aina ya zamani, au unatumia golori za kujitengenezea. Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Hata masizi meusi usiyadharau. Ile sehemu ndogo ya kuwashia iliyo kwenye kitako cha fataki, inayogongwa na nyundo, kwa fataki nyingi ina kemikali ya risasi ndani yake. Kila mlio unatoa vumbi laini sana ambalo hulioni. Linatua kwenye mikono, mashati, ndevu, na ndani ya mtutu. Unapoingiza kitambaa kikavu na kusugua kwa nguvu, unalirudisha hewani, mbele ya pua yako.

Risasi haina kazi yoyote mwilini. Chuma tunakihitaji, zinki tunaihitaji, chumvi kidogo tunaihitaji. Risasi hapana, hata chembe. Ikiingia inajifanya kalsiamu. Mwili unaipokea, unaihifadhi kwenye mifupa, na huko inaweza kukaa miongo. Kwenye damu hukaa mwezi hivi kabla ya kupungua nusu, lakini mfupani ni akiba ya muda mrefu. Mwanamke akishika mimba, mwili unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake kumjenga mtoto, na risasi aliyoimeza akiwa binti inatoka nayo, inavuka kondo la nyuma, inamfikia kichanga ambaye hajawahi kuona bunduki.

Mtu mzima akimeza risasi, sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu. Mtoto mdogo anaweza kunyonya hadi nusu ya alichokimeza, na akiwa na njaa au upungufu wa madini chuma, ananyonya zaidi. Sasa fikiria watoto wetu wanaokula uji mtupu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara kipimo kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Hicho ni kiasi kidogo mno. Kilichoganda kwenye mtutu wa msomaji wangu ni kikubwa kuliko hicho mara nyingi sana.

Dalili zake ni za kijanja, zinafanana na kila kitu. Mtu mzima anaumwa kichwa, viungo, tumbo linamsokota, choo kinafunga, shinikizo la damu linapanda, nguvu za kiume zinashuka. Mtoto anakuwa na upungufu wa damu, hana hamu ya kula, anakuwa mkali bila sababu, anachelewa kuongea, shuleni hashiki somo. Ikizidi sana, anapata degedege. Tukiwa na foleni ya wagonjwa 60 mlangoni, tunaandika minyoo. Tunaandika malaria. Tunaandika taifodi, ugonjwa ambao Tanzania umekuwa kapu la kutupia kila tumbo tusilolielewa.

Bibi niliyemtaja alimleta mjukuu wa kike wa miaka mitatu kutoka bonde la Momba, upande wa Kamsamba. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja. Kwenye daftari lake kulikuwa na dawa za minyoo mara mbili, dawa ya malaria mara moja, na dawa ya kuongeza damu. Mwandiko wa ile mara ya pili ulikuwa wangu. Mtoto alikuwa mweupe viganjani, tumbo limekaza, hajaenda choo siku nne, na bibi akasema maneno aliyokuwa ameanza kuyasema ameyaacha. Nilimuuliza bibi, kwa kukosa la kuuliza, mtoto huwa anacheza na nini. Akajibu: "Anacheza na golori za babu yake."

Babu alikuwa na gobore. Alikuwa anapasua betri mbovu za magari, anayeyusha sahani zake kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, jiko lile lile la ugali, kisha anadondosha matone kwenye maji yawe golori. Matone yaliyoharibika yalikuwa ya mtoto. Alikuwa anayapanga, anayahesabu, anayaweka mdomoni.

Kipimo cha risasi kwenye damu hatukuwa nacho. Sampuli ilisafirishwa mbali na majibu yalirudi baada ya wiki nyingi, yakiwa juu mara kadhaa ya kile kiwango nilichokitaja. Hatukusubiri. Tulimwomba babu aache kuyeyusha, jiko likatupwa, sakafu ya udongo pale jikoni ikachimbwa juu juu na kukandikwa upya, mtoto akapewa madini chuma na maziwa. Damu yake ilipanda. Choo kilifunguka. Mwaka uliofuata bibi aliniletea karanga, akanionyesha kwamba mjukuu anaweza kuhesabu hadi tano. Nilimshukuru na nikatabasamu. Kwa umri wake nilitarajia zaidi ya tano, na risasi ikishagusa ubongo unaokua, dawa za kuitoa kwenye damu hazirudishi kilichopotea.

Ndiyo maana nina msimamo mkali kuhusu kuyeyusha. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, jiko la mkaa linafika hapo na kupita bila shida, na ukizidisha moto mvuke unaanza kupanda. Lakini hata kabla ya mvuke kuna vumbi na ule utando unaoelea juu, unaokwanguliwa na kutupwa uani, kuku wanadonoa, watoto wanatambaa. Tunduma ni mji wa malori. Betri chakavu zipo kila kona, na vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu za tairi vinaokotwa kwa wingi kwenye gereji. Malighafi iko mlangoni. Usiyeyushe nyumbani, iwe kwa golori, kwa vizito vya nyavu za kuvulia Rukwa, wala kwa biashara. Kwa hili sina "lakini".

Mtu anayeona nakuza jambo aende Mombasa. Kwenye kitongoji cha Owino Uhuru kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri katikati ya nyumba za watu kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa pale. Mtoto wake mchanga aliugua, akatafutiwa magonjwa mengine kwanza, na mwisho damu yake ikakutwa na risasi. Mama huyo ndiye aliyeongoza wenzake kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Kuna mfano wa karibu zaidi na sisi. Dereva anayevuka Nakonde kwenda Lusaka lazima apite Kabwe. Mgodi wa risasi na zinki wa pale ulifungwa 1994, lakini udongo wake hadi leo unaingia kwenye damu ya watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya mgodi kufungwa.

Najua bunduki moja si mgodi, na sitaki msomaji wangu akimbie nyumba yake. Mlinzi anayekaa mbele ya duka la kubadilishia fedha pale mpakani, ambaye hajafyatua hata mara moja mwaka mzima, hatari yake ya risasi ni ndogo. Huyo nina wasiwasi zaidi na baridi ya usiku na mgongo wake. Mwenye hatari ni yule anayepiga nguruwe na nyani kila wiki msimu wa mahindi, na yule fundi wa ghala la silaha la kampuni ya ulinzi anayesafisha bunduki 20 kwenye chumba kisicho na dirisha, halafu anakula chapati juu ya meza hiyo hiyo. Huyo wa pili ana sheria inayomlinda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri apime afya za wafanyakazi wake, na kampuni ya ulinzi ni mahali pa kazi kama kiwanda cha saruji. Nimekutana na walinzi waliopimwa macho na kifua. Sijakutana na hata mmoja aliyeulizwa nani anasafisha bunduki, wapi, na shati lake linafuliwa na nani.

Haya, tuingie kwenye mtutu. Nimemuuliza mjomba wangu, askari mstaafu, kuhusu upande wa bunduki; upande wa mwili ni wangu.

Hakikisha haina kitu. Fungua, tazama kwa macho, ingiza kidole kwenye chemba, halafu fataki zote zipeleke chumba kingine. Mjomba alinirudishia hili mara tatu, nami nimewahi kushona matokeo ya kutolirudia. Kisha toka nje. Isiwe sebuleni, wala jikoni, wala barazani ambako mama mkwe anachambua mchele. Tafuta kivuli mbali na kisima, upepo ukupige mgongoni, na utandike magazeti ya zamani chini (hata hili, ukishalisoma). Watoto wasiwe karibu, na hasa yule mdogo anayependa kukaa mapajani. Najua kumfundisha kijana wa kiume kusafisha bunduki ni jambo la fahari kwa baba wengi. Subiri akue. Mke mjamzito pia asishiriki, hata kukushikia kitambaa.

Vaa glavu, hata zile nyembamba za dukani. Usivute sigara, usile, usiweke ugoro mdomoni wakati unafanya kazi hii. Mkono wenye risasi ukigusa sigara, umeiweka risasi mdomoni na kisha ukaichoma.

Kanuni ya kiafya ni moja: lowanisha. Vumbi lililolowa haliruki. Paka ndani ya mtutu dawa ya kusafishia bunduki au mafuta yake, acha robo saa au zaidi ilegeze, kisha pitisha brashi ya shaba, ukianzia nyuma kuelekea mdomo wa mtutu kama bunduki yako inaruhusu. Fuata na kitambaa kilicholowa. Tazama kwenye mwanga. Rudia. Risasi iliyoganda miaka haitoki mara moja, na mwenye haraka ndiye anayefunga brashi kwenye mashine ya kutoboa na kuizungusha ikiwa kavu, akajitengenezea wingu. Michirizi ikigoma kabisa baada ya siku mbili tatu, ipeleke kwa fundi wa silaha aliyesajiliwa.

Kuna mambo nimesikia watu wakiyafanya ambayo nakuomba uyaache. Kupuliza mtutu kwa mdomo: sijui nani aliufundisha mtindo huu, lakini ni kuweka mdomo kwenye silaha na kwenye sumu kwa pamoja. Kuchanganya siki na ile haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda: kweli, mchanganyiko huo unakula risasi haraka, na ndiyo hatari yake, kwa sababu unaigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka majini, yenye utamu kidogo, ambayo mwili unainyonya kirahisi na ngozi yako haitaizuia vizuri. Ukiumwaga uani, umeumwagia mtu. Na la tatu ni zebaki. Wilaya ya Songwe, kuanzia Saza hadi Mkwajuni, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua vizuri, na kuna ujuzi wa kizamani wa kuimwaga kwenye mtutu kwa sababu inashikamana na risasi kama inavyoshikamana na dhahabu. Hapo umeondoa sumu moja kwa nyingine inayopaa hewani bila kuchemshwa. Mwenye kichupa cha zebaki nyumbani ana tatizo lingine, na nitaliandikia wiki yake.

Ukimaliza, vitambaa usivichome moto na usivifue. Viweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto, na usitie kwenye shimo lililo karibu na kisima. Glavu zifuate humo. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua kucha. Uso pia, na masharubu. Vua shati kabla ya kuingia ndani, lifuliwe peke yake kwenye beseni lake, lisikutane na nepi za mtoto. Kisha mshike mtoto wako.

Swali la nyama limo pia, ingawa hukuliuliza. Kanga au kwale aliyepigwa kwa golori ana vipande vya risasi ambavyo huvioni, si golori tu bali vumbi lake kuzunguka njia ilikopita. Kata nyama yote iliyovilia damu kuzunguka tundu, utupe kwa mkono usio na huruma. Usiiloweke kwenye ndimu wala siki kabla ya kufanya hivyo, maana tindikali inaitoa risasi na kuieneza kwenye mchuzi. Mjamzito na mtoto mdogo wapewe kuku wa nyumbani. Na kama wewe mwenyewe una golori ilibaki mwilini kutokana na ajali ya zamani, hasa karibu na goti au kiungo kingine, mwambie daktari wako hata kama imetulia miaka, kwa sababu majimaji ya kwenye kiungo yanaweza kuiyeyusha polepole.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya kuanzia Vwawa hadi Kamsamba, na wa Mbozi na Ileje: swali "nyumbani nani ana bunduki, nani anayeyusha betri" linachukua sekunde tano. Muulize kila mama wa mtoto mwenye upungufu wa damu usioisha. Muulize kwa namna isiyomtisha, maana magobore mengi hayana kibali na mama hatasema akidhani utampigia polisi. Mimi huwa naanza hivi: "Mimi sitafuti bunduki, natafuta risasi." Wengi hucheka, kisha wananiambia. Kipimo hakipo kwenye hospitali nyingi za wilaya, na hilo ni deni la Wizara kwetu. Shinyanga na Geita wana wachimbaji kama sisi. Tunduma ina betri kuliko wote. Mashine ndogo ya kupima risasi kwa tone la damu la kidoleni ipo duniani, wala si ya ajabu kuliko mashine nyingine tulizonunuliwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa kuwa na moja si ombi kubwa. Lakini swali halihitaji mashine, na mimi nililikosa nikiwa na mtoto mbele yangu.

Sasa stilwaya ya mke wako. Ile ya kusugulia sufuria ni nene, mjomba anasema itaacha mikwaruzo ndani ya mtutu na kila mkwaruzo utashika risasi zaidi safari ijayo. Mafundi wana laini kabisa, kama pamba, huizungushia kwenye brashi ikiwa imelowa mafuta. Kama umeshaitumia ile ya jikoni, usiirudishe jikoni. Mnunulie nyingine.